Hadubini ya Elektroni ya Kupenya (TEM) na Vifaa vya Maabara Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi, mafundi sanifu wa maabara, na madaktari wanaotaka sampuli zao zichunguzwe kwa TEM. Maswali yamefuata mtiririko ambao wageni wa maabara huyauliza, wala hayakupangwa kwa uzito wake.

Hadubini ya elektroni ya kupenya ni kifaa gani?

Ni hadubini inayotumia elektroni badala ya mwanga. Elektroni hurushwa kwa kasi kubwa, hupita ndani ya kipande chembamba mno cha sampuli, na zile zinazotokea upande wa pili ndizo zinazochora picha. Huko kupenya ndiko lilikotoka jina lake, ingawa maabarani watu wengi husema TEM tu, wakizitaja herufi moja moja. Neno hadubini lisichanganywe na darubini: darubini huleta karibu kilicho mbali, hadubini hukuza kilicho kidogo. Kosa hilo huonekana hata magazetini, na likiingia katika hati ya zabuni linaweza kumletea mnunuzi kifaa cha kutazamia nyota.

Kwa nini hadubini ya kawaida haitoshi? Si ukuzaji tu uongezwe?

Ukuzaji haujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kupambanua, yaani uwezo wa kuonyesha kwamba nukta mbili zilizokaribiana ni mbili kweli wala si moja. Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba uwezo huo hufungwa na urefu wa wimbi la mwanga unaotumika. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi, na kwa sababu hiyo hadubini nzuri ya mwanga hukomea kwenye takriban nanomita 200. Kirusi cha polio kina upana wa nanomita 30 hivi, na ribosomu, kile kiwanda cha protini ndani ya seli, ni ndogo zaidi kidogo. Ukiikuza picha kupita kikomo hicho unapata ukungu mkubwa zaidi, basi.

Elektroni nayo ina tabia ya wimbi, kama Louis de Broglie alivyopendekeza mwaka 1924. Ikisukumwa kwa volti 200,000, wimbi lake huwa na urefu wa pikomita 2.5 tu, na yenyewe huwa inakwenda kwa karibu asilimia 70 ya kasi ya mwanga. Mtu angetarajia basi kwamba TEM itapambanua hadi pikomita 2.5, lakini haifikii huko hata kidogo, kwa sababu lenzi za sumaku zina kasoro ambazo lenzi ya kioo cha bei nafuu ingezionea haya. Otto Scherzer alithibitisha mwaka 1936 kwamba kasoro kuu haikwepeki katika lenzi ya sumaku ya kawaida yenye umbo la mviringo kamili. TEM ya kawaida hufika nanomita 0.2 hivi, na zile zenye kifaa cha kusahihisha kasoro hiyo, kilichofanikiwa mwaka 1998 kwa kazi ya Maximilian Haider, Harald Rose na Knut Urban nchini Ujerumani, hushuka chini ya nanomita 0.1, ambapo safu za atomu huonekana moja moja.

Nani aliivumbua?

Mwaka 1926 Hans Busch alionyesha kwamba koili yenye umeme inaweza kukusanya elektroni kama lenzi inavyokusanya mwanga. Mwaka 1931 Ernst Ruska na mwalimu wake Max Knoll, katika Chuo cha Ufundi cha Berlin, walipata picha za kwanza, zilizokuzwa mara 17 tu hivi, ukuzaji ambao kioo cha mkononi kinaweza kuukaribia. Miaka miwili baadaye kifaa kipya cha Ruska kiliishinda hadubini ya mwanga. Kampuni ya Siemens ilianza kuziuza mwaka 1939. Ruska alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1986, miaka 55 baada ya zile picha za kwanza. Knoll alikuwa amekwisha kufariki.

Ndani ya ule mnara mrefu mna nini?

Fuata njia ya elektroni kutoka juu kwenda chini. Kileleni kuna bunduki ya elektroni. Katika mashine za zamani na za kufundishia ni waya wa tangsteni uliopindwa, unaochemshwa hadi karibu nyuzi 2,700 za Kelvini mpaka elektroni zianze kutoka. Baadhi hutumia fuwele ya lanthanamu heksaboridi, ambayo hutoa elektroni nyingi kwa joto dogo zaidi na hudumu muda mrefu. Na mashine za kisasa hutumia ncha kali mno ambayo elektroni huvutwa kutoka humo kwa nguvu ya uga wa umeme. Waya wa tangsteni ukikatika, fundi aliyezoea huubadilisha mwenyewe na kuendelea na kazi. Ncha ya kisasa ikiharibika, huitwa mhandisi wa kampuni na kazi husimama.

Chini ya bunduki zipo lenzi za kukusanya, ambazo hupunguza au kutanua mwale kabla haujaifikia sampuli. Sampuli yenyewe huingizwa kwa ubavuni, ikiwa imebanwa kwenye ncha ya fimbo nyembamba inayopita katika kichumba cha kuondolea hewa. Anayeisukuma fimbo hiyo kwa haraka huiingiza hewa mnarani na kujitafutia kusubiri kurefu. Baada ya sampuli huja lenzi ya shabaha, ambayo ndiyo roho ya mashine, kwa kuwa kasoro yoyote ya lenzi hiyo hukuzwa na lenzi zote zinazofuata. Hapo pia huwekwa kidirisha chenye kitundu cha makumi machache ya mikromita, kinachozuia elektroni zilizotawanyika sana, na kutokana na hilo sehemu nzito za sampuli huonekana nyeusi. Mwisho huja lenzi za kutupia picha, kisha bamba linalong'aa kijani likipigwa na elektroni, na chini yake kamera.

Kwa nini hewa iondolewe?

Kwa sababu elektroni ikigongana na molekuli za hewa hupotea njia kabla ya kufika popote, na waya wa moto nao ungeungua papo hapo. Ombwe hupatikana kwa hatua. Pampu ya mafuta huondoa sehemu kubwa ya hewa. Pampu ya tabo, ambayo mapanga yake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, huchukua inayobaki. Na karibu na bunduki pampu ya ioni, isiyo na sehemu yoyote inayozunguka, hunasa mabaki ya mwisho. Mashine nyingi zina pia bamba la shaba karibu na sampuli, linalopozwa kwa nitrojeni kimiminika ili mvuke wowote ugande hapo badala ya kuganda juu ya sampuli. Maabara isiyo na ugavi wa uhakika wa nitrojeni huanza kuona picha zake zikififia kwa uchafu. Afrika Mashariki walioizoea zaidi nitrojeni hiyo ni wataalamu wa uhamilishaji wa ng'ombe, ambao huhifadhia mbegu za madume, na si aibu kwenda kuwauliza inakopatikana.

Inatofautianaje na SEM?

SEM ni hadubini ya elektroni ya kupapasa: hupapasa uso wa kitu kwa mwale mwembamba na kukusanya elektroni zinazorushwa kutoka usoni. Picha yake huonyesha mabonde na vilima. TEM huonyesha kilichomo ndani. Anayetaka kuona miguu ya mbu atumie SEM, na anayetaka kuona vimelea ndani ya seli za tezi za mate za mbu huyo aje TEM.

Ninaweza kuona seli hai?

Hapana. Ombwe huikausha, na elektroni huiua.

Picha zenye rangi nzuri za virusi hutoka wapi?

Rangi huongezwa kwa kompyuta baadaye. Picha ya TEM ni ya kijivu, kutoka nyeusi hadi nyeupe, kwa kuwa rangi ni habari ya mwanga na hapa mwanga haukutumika.

Tishu huandaliwaje?

Hili ndilo swali lililostahili kuulizwa kwanza, kwa sababu ubora wa picha, kwa maoni ya wengi waliokaa miaka mbele ya mashine hizi, huamuliwa kabla sampuli haijaufikia mnara. Mashine ya mamilioni ya dola haiwezi kuirudishia seli utando uliopasuka kwenye chupa ya chumba cha upasuaji.

Tishu ikitoka mwilini huanza kujila yenyewe ndani ya dakika chache. Kwa hiyo hukatwa vipande visivyozidi milimita 1 na kutumbukizwa mara moja katika glutaraldehaidi, kwa kawaida ya asilimia 2.5 ndani ya bafa (myeyusho usiobadilika pH kwa urahisi) yenye pH ya 7.2 hadi 7.4. Glutaraldehaidi hufunga protini barabara lakini hupenya polepole, na ndiyo maana udogo wa kipande hausameheki: kipande kikubwa huhifadhika ganda na kuoza kiini. Baada ya kuoshwa, kipande hutiwa katika osmiamu tetroksaidi ya asilimia 1, ambayo hukamata mafuta ya kwenye tando za seli na kukigeuza kipande kizima kuwa cheusi kama mkaa. Kisha maji huondolewa kwa ethanoli, kuanzia asilimia 50 na kupanda hadi 100, na nafasi ya maji huchukuliwa na resini ya epoksi, ambayo hugandishwa ndani ya joko la nyuzi 60 za Selsiasi kwa siku moja au mbili. Ukiruka ngazi moja ya ethanoli ili uwahi basi la jioni, resini haitaingia vizuri, na utajua wiki inayofuata kipande kitakapotoboka chini ya kisu.

Mche wa resini uliogandishwa hufungwa kwenye ultramikrotomu, mashine inayousogeza kuelekea kwenye kisu kwa nanomita chache chache. Vipande vinavyotakiwa vina unene wa nanomita 60 hadi 90. Chembe nyekundu moja ya damu, yenye upana wa mikromita 7 hivi, ingetoa vipande kama 100 vya namna hiyo. Hakuna rula ya kupimia unene huo, ila kuna rangi: vipande huelea katika kibirika cha maji kilichounganishwa na kisu, na mwanga unaorudishwa kutoka juu yake huonyesha rangi ya fedha kwa vipande vinavyofaa, dhahabu kwa vinene zaidi, na zambarau kwa vile vya kutupa. Vikijikunja hunyooshwa kwa mvuke wa klorofomu. Kuvisogeza hutumiwa ukope mmoja uliogandishwa kwenye ncha ya kijiti, na kwa wakati huo anayefanya kazi hubana pumzi, kwa kuwa pumzi ya kawaida inatosha kuvitawanya. Wageni hucheka wakiambiwa habari ya ukope. Hawajaona bado kifaa cha dukani kinachoushinda.

Ni lazima kutumia kisu cha almasi?

Kwa kujifunza, la. Kisu cha kioo hutengenezwa palepale kwa kuvunja kipande cha kioo kinene kwa ulalo, na makali yake hutosha kwa vipande vichache kabla ya kuisha. Kisu cha almasi hudumu miaka kikitunzwa, lakini ni ghali, na mkwaruzo mmoja wa makali yake hutokea kama mstari katika kila picha itakayopigwa baada ya hapo. Busara ni kumwachia mwanafunzi kisu cha kioo mpaka mkono wake utulie.

Gridi ni nini?

Ni kisahani cha wavu, mara nyingi cha shaba, chenye kipenyo cha milimita 3.05, ambacho hufanya kazi ya kile kioo cha hadubini ya kawaida. Wavu wa 200, wa 300 na wa 400 hutofautiana kwa wingi wa matundu: matundu yakiwa mengi, kipande hushikwa vizuri zaidi, lakini sehemu kubwa zaidi huzibwa na nyuzi. Gridi ina upande wa kung'aa na upande wa kufifia. Shika pembeni kwa koleo nyembamba, na uchague upande mmoja wa kuwekea sampuli usioubadilisha kamwe.

Rangi gani hutumika?

Si rangi kwa maana ya kawaida bali metali nzito, kwa kuwa tishu zimejengwa kwa kaboni, hidrojeni, oksijeni na nitrojeni, ambazo zote ni nyepesi na hazitawanyi elektroni vya kutosha. Gridi huwekwa ielee juu ya tone la yuranili asetati (chumvi ya urani) gizani, huoshwa, kisha huwekwa ielee juu ya sitrati ya risasi. Dawa hii ya pili huchukia kabonidayoksaidi: pumzi ya mtu hugeuza sehemu yake kuwa kabonati ya risasi, ambayo hujitokeza pichani kama mchanga mweusi. Ndiyo sababu sahani huzungushiwa punje za hidroksidi ya sodiamu ili zifyonze gesi hiyo, na ndiyo sababu, kwa mara ya pili katika kazi hii, mtu huambiwa anyamaze.

Je, virusi navyo hupitia safari hiyo yote?

Si lazima. Tone la kimiminika chenye virusi huwekwa juu ya gridi yenye utando wa kaboni, huondolewa baada ya dakika moja hivi, na kufuatiwa na tone la asidi ya fosfotangstiki au yuranili asetati. Metali hujaa pembezoni mwa kirusi, nacho hubaki cheupe katikati ya giza. Njia hiyo, iliyoenezwa na Sydney Brenner na Robert Horne mwaka 1959, huchukua chini ya saa moja. Faida yake kubwa ni kwamba haihitaji ujue unachokitafuta. Sampuli za ugonjwa uliozuka Yambuku, Zaire, mwaka 1976 zilipoangaliwa kwa TEM, zilionyesha nyuzi ndefu zilizojikunja ambazo hazikufanana na takriban kirusi chochote kilichojulikana ila kile cha Marburg. Hivyo ndivyo sura ya Ebola ilivyoonekana kwa mara ya kwanza.

Kuna ugunduzi mkubwa wa TEM uliotokana na sampuli za Afrika Mashariki?

Upo, nao haujulikani kwetu kadiri unavyostahili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliowashika watoto. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba uvimbe huo unasababishwa na kirusi. Vinyofu vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa takriban miaka miwili TEM haikuonyesha kitu.

Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege iliyobeba sampuli ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na mzigo ukafika London umechelewa, maji yake yakiwa yametibuka. Wangeweza kuutupa wakidhani umeingiwa na bakteria. Walipochungulia waliona ni seli za uvimbe zilizojiachia na kuelea zikiwa hai. Seli hizo zilioteshwa maabarani, na mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad aliyebobea katika TEM, na Yvonne Barr, wakatangaza kuona ndani yake virusi vya jamii ya hepesi. Hicho ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kwa nini daktari wa figo aombe TEM ilhali hadubini ya kawaida ipo?

Kwa sababu yapo magonjwa ya figo ambayo kwa hadubini ya mwanga huonekana kama figo nzima. Mtoto anaweza kuwa amevimba mwili mzima, mkojo wake umejaa protini, na kinyofu chake kisionyeshe kasoro. TEM ndiyo huonyesha kwamba vijiguu vya seli zinazolizunguka chujio la figo vimebabataa na kuungana. Katika ugonjwa wa Alport, ambao ni wa kurithi, ule utando wa chujio huonekana umechanika tabaka tabaka kama mkeka uliofumuka.

Sampuli ya metali nayo hutiwa resini?

La. Metali hupunguzwa unene kwa tindikali na umeme au kwa mwale wa ioni, mpaka sehemu fulani ifike chini ya nanomita 100 hivi. Kwa mashine yenye kipima eksirei unaweza pia kujua ni elementi gani zimo katika nukta unayoitazama.

Hadubini ya baridi kali inayosifiwa siku hizi ni kitu gani?

Ni TEM ambayo sampuli yake haikukaushwa wala kutiwa metali, bali imegandishwa kwa ghafla kiasi kwamba maji hayakupata muda wa kujenga fuwele za barafu. Gridi hudumbukizwa katika ethani kimiminika iliyopozwa kwa nitrojeni. Nitrojeni yenyewe, ijapokuwa ina nyuzi 196 chini ya sifuri, haifai kwa kazi hiyo: huchemka kukizunguka kitu chenye joto na kukifunika kwa blanketi la gesi, kama tone la maji linavyochezacheza juu ya chuma cha chapati bila kukauka. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017 kwa kuijenga njia hii.

Chumba kiweje?

Kiwe chini kabisa ya jengo, sakafu yake nzito ikiwa imetenganishwa na ya jengo lote, mbali na lifti, jenereta na barabara ya malori. Lifti ni adui wa aina mbili, kwa mtikisiko na kwa uga wa sumaku. Volti ya bunduki hutakiwa isiyumbe zaidi ya sehemu moja kwa milioni, kwa hiyo mitambo ya kusawazisha na kuhifadhi umeme ni sehemu ya hadubini yenyewe wala si nyongeza ya kununuliwa fedha zikibaki. Koili za lenzi hupozwa kwa maji safi yanayozunguka, na hewa ya chumba isipande wala kushuka joto. Katika miji ya pwani unyevu nao huhesabiwa, hasa kwa fimbo za sampuli zilizopozwa, ambazo huota barafu zikikutana na hewa ya chumba.

Hatari ni zipi?

Mnara umekingwa kwa risasi dhidi ya eksirei, na mashine isiyochokonolewa haina tishio kubwa. Hatari iko mezani. Mvuke wa osmiamu hudhuru macho, hivyo hufunguliwa ndani ya kabati la kufyonza hewa pekee. Yuranili ni sumu na ina mnururisho hafifu. Bafa ya kakodilati ina aseniki. Lita moja ya nitrojeni kimiminika hutanuka kuwa karibu lita 700 za gesi na kuifukuza oksijeni ya chumba kidogo bila harufu yoyote ya kuonya. Gesi ya salfa heksafloraidi, inayozuia cheche kwenye bunduki, huikamata hewa joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kabonidayoksaidi, na isiachiliwe hewani wakati wa matengenezo.

Nitayarisheje sampuli ya kutuma?

Zungumza na maabara kabla ya upasuaji. Omba chupa yenye glutaraldehaidi na iwe mezani kabla kinyofu hakijatoka. Kata vipande vya milimita 1 kwa wembe mpya bila kuvifinya, visikae juu ya pamba kavu hata kidogo, na chupa itunzwe kwenye nyuzi 4, isigandishwe kamwe. Formalini inaweza kuokoa jahazi, lakini picha zitapungua ubora. Andika lebo kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka katika ethanoli. Chupa ijazwe pomoni kabla ya kufungwa, maana safarini huinamainama, na kipande kilichonata juu ya mfuniko hufika kimekauka.